Kiasi cha Maji

Mimi nilibatizwa kwa maji ya kiganjani.
Kasisi alinidondoshea matone matatu,
mama akanifuta kwa ncha ya leso,
yakakauka kabla hatujavuka kizingiti cha kanisa.
Yamenitosha miaka hamsini na sita.

Dada yangu Mghoi naye yalimtosha,
hadi Jumapili ile alipoteremka Nyali na kanisa lake jipya,
akazamishwa mzima mzima, kanzu ikivimba kama kitumbua,
akaibuka na chumvi kwenye nyusi, akicheka.
Nilikuwa nimesimama mchangani na viatu vyangu miguuni.
Nikamwuliza: Kwa hiyo maji ya mama yalikuwa bure?
Akajibu: Kaka, wewe ulilowa tu, hukubatizwa.
Kauli moja.
Miaka minne hatukupeana mkono.

Si kwamba tulikosa hoja.
Mimi aya zangu nimezipigia mstari kwa wino mwekundu,
yeye zake kwa kijani,
na zipo kurasa ambazo, tungeweka vitabu pamoja,
mistari ingepishana bila kugusana.

Na haya yote, hebu fikiria, ni Mikindani,
ambako mfereji hukohoa upepo mwezi hata mwezi,
na mtungi wa lita ishirini una bei ya asubuhi na bei ya jioni.
Ndugu wawili wagombania kiasi cha maji,
na kwa yeyote kati yao hamna ya kunawa.

Siku ya tisa ya ukavu, mke wangu Nzilani alishikwa na tumbo.
Kufika adhuhuri macho yameshaingia ndani.
Siku hiyo hiyo Mchungaji Tsofa akafungua birika la ubatizo.
Lori lilikuwa limelijaza kwa ajili ya waongofu kumi na mmoja,
kanzu zao zimeshashonwa, zimeshapigwa pasi.
Akawaambia: Ninyi mtangoja. Kiu haingoji.

Foleni ilianzia madhabahuni, ikatoka mlangoni,
ikazunguka kwa kinyozi.
Bi Mapenzi, rozari shingoni, ndoo kichwani.
Onditi Msabato, aliyewahi kunionyesha kwa kalenda
kwamba naabudu siku siyo;
ilikuwa Ijumaa, jua linashuka,
wakampisha mbele aiwahi Sabato yake,
na hakuna aliyemdai maelezo.

Mimi sikwenda.
Nilisema moyoni: maji yale yana fundisho ndani yake.

Saa mbili usiku, mlango.
Mghoi, mtungi begani, leso imelowa upande mmoja.
Hakusema Bwana asifiwe. Hakungoja karibu.
Akachemsha, akapoza, akatia chumvi na sukari,
akamnywesha wifi yake kijiko kwa kijiko,
yaliyosalia akamwosha uso, shingo, nyayo.
Nilihesabu vijiko kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine.
Mia na arobaini na kitu, usingizi ukaniiba.

Alfajiri Nzilani akaomba uji.

Nikamwuliza dada: Birika je?
Akasema: Limebaki tope, na sarafu ya shilingi tano
ambayo kila dhehebu linasema si yake.
Tukacheka mpaka mgonjwa akatukemea.
Chini ya mtungi palikuwa na funda moja.
Nililinywa. Lilikuwa na ladha ya plastiki.

Sijahama.
Jumapili niko kwenye benchi langu, naamini matone matatu yatosha.
Yeye haamini. Juzi tumebishana hadi chai ikaota utando,
na wino wangu ulipokatika
akaniazima kalamu yake ya kijani.

Wale kumi na mmoja walizamishwa wiki tatu baadaye, Nyali.
Nilikwenda.
Nilisimama pale pale mchangani,
viatu nimevishika mkononi.